Viwavi wa Mahindi na Siku ya Kutoa Mbegu

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu)



Halmashauri ya chama imetupa heshima ya kusema nanyi kwa muda mfupi juu ya jambo ambalo labda litaonekana dogo likiwekwa kando ya mambo makubwa ya mkutano huu, yaani karo za watoto, gharama za mazishi, na misaada ya wagonjwa. Jambo lenyewe ni kiwavi wa mahindi. Twaomba mtuvumilie, kwa maana sisi tunaozipokea barua za chama na kulitunza daftari la misaada twajua kwamba barua za kuomba unga haziji sawasawa mwaka mzima. Huja kwa wingi mwezi wa Mei na Juni, wakati ghala ni tupu na mahindi mapya hayajakomaa. Kila mavuno yapunguapo, barua hizo huanza kuja mapema zaidi. Na kila shilingi inayokwenda Kibuye kununua gorogoro ya mahindi ni shilingi isiyokwenda shuleni wala hospitalini. Kiwavi, basi, ni kama mwanachama asiyelipa ada, lakini kila mwaka huchukua fungu lake kabla ya wengine.

Hatukuja hapa kuwafundisha wazee kilimo. Wengi wenu mlishika jembe kabla sisi hatujashika kalamu. Tumekuja kueleza kwa ufupi adui huyu ni nani, na anaishi namna gani. Kisha tuonyeshe kwamba silaha kubwa ya kumshinda haiuzwi dukani, bali imo mikononi mwa wazee waliomo katika chumba hiki.

Sote twamwogopa nzige. Wazee walihadithiwa na baba zao habari za nzige wa miaka ya 1928 hadi 1931, na sisi wenyewe tulizisikia habari za nzige waliovamia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 na mwaka wa 2020. Nzige huja mchana, kwa kishindo, na nchi nzima hutoka kupiga madebe. Kiwavi haji hivyo. Mama yake ni nondo arukaye usiku, asiyesikika wala kuonekana. Asubuhi shamba ni kijani kama lilivyokuwa jana. Mwenye shamba hutambua hasara baada ya majuma mawili au matatu, na pengine hapo dawa haifai tena. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kiwavi huyu yumo ndani kabisa ya mmea, akila kwa utulivu.

Viwavi wanaotusumbua ni wa namna tatu, na yafaa kuwatofautisha, kwa sababu kila mmoja ana desturi yake.

Wa kwanza ni viwavi watoboao mabua. Hawa wako wa aina mbili. Mmoja ni mwenyeji wa Afrika tangu zamani, naye alikuwa akila mtama wa babu zetu kabla mahindi hayajaenea katika nchi hii. Wa pili alitoka Asia. Alionekana Malawi kwa mara ya kwanza katika Afrika karibu mwaka 1930, kisha akaenea Afrika ya Mashariki, hasa katika nchi za joto na tambarare. Nondo wa aina ya kwanza huficha mayai yake kati ya bua na ala ya jani. Yule wa Asia huyataga juu ya jani, yamepangwa yakilaliana kama magamba ya samaki. Viwavi wakianguliwa hupanda hadi katika moyo wa mmea, pale majani machanga yanapochipuka, wakala hapo kwa siku kadhaa. Jani likifunguka laonyesha safu ya vitundu vidogo. Baadaye kiwavi hutoboa bua na kuingia ndani. Akilikuta bua bado changa, hukata kichipukizi, na jani la katikati hukauka. Ukilivuta latoka mkononi mwako. Akilikuta limekomaa, huchimba njia ndani yake, mmea ukadhoofika na kuvunjika kwa upepo. Watafiti waliopima hasara hii nchini Kenya, kabla ya yule mgeni tutakayemtaja baadaye hajafika, waliona kwamba watoboa-mabua peke yao waliondoa yapata gunia 13 katika kila magunia 100 ambayo mkulima angalivuna.

Wa pili ni viwavijeshi wa hapa kwetu Afrika. Wazee mnawajua. Huja miaka fulani tu, mara nyingi mwanzo wa mvua, wakatembea kwa makundi wakila nyasi za malisho, mtama, wimbi na mahindi machanga, kisha wakatoweka. Hao ni kama wezi wa njiani: hupiga na kupita.

Wa tatu ni mgeni, naye ndiye aliyezidisha taabu. Aitwa kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni Amerika. Mwaka 2016 alitambuliwa katika Afrika ya Magharibi, na mwaka 2017 alithibitishwa kuwamo nchini Kenya. Kwa kuwa nondo wake aweza kuruka yapata kilomita 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo, haikumchukua muda kuenea karibu bara lote lililo kusini ya Sahara. Wataalamu waliofanya hesabu mwaka 2017 kwa nchi 12 za Afrika zilimazo mahindi walikadiria kwamba, asipozuiwa, aweza kuharibu tani milioni 8.3 hadi milioni 20.6 kila mwaka. Na hapa Kenya, uchunguzi uliofanywa kwa wakulima baada ya kufika kwake ulionyesha hasara ya yapata theluthi moja ya mahindi ya mwaka.

Kumtambua si vigumu kwa mwenye macho ya kutazama. Kichwani ana alama nyeupe mfano wa herufi Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba. Nondo jike hutaga mayai 100 hadi 200 katika fungu moja, akayafunika kwa manyoya yake mfano wa pamba, naye aweza kutaga mayai yapata 1,500 katika maisha yake. Mayai huanguliwa kwa siku chache. Kiwavi hula majuma mawili hadi matatu, akiwa amejificha katika moyo wa mmea huku kinyesi chake kama unga wa mbao kikimziba juu. Kisha huanguka chini, akajifukia katika udongo sentimita chache, na baada ya siku kadhaa hutoka akiwa nondo. Katika joto la kando ya Ziwa letu safari hiyo yote, tangu yai hadi nondo, yachukua yapata mwezi mmoja.

Mwezi huo mmoja ndio kiini cha maneno yetu, kwa hiyo twaomba wazee waushike vema.

Tufikiri juu ya dala moja, au mtaa mmoja, iwe ni Seme, Asembo, Kano au Karachuonyo. Mvua za masika zaanza mwezi wa Machi. Mtu wa kwanza apanda mwanzo wa mwezi huo. Jirani yake apanda mwisho wa mwezi. Mtu wa tatu apanda katikati ya Aprili. Nondo wachache waliopo mwanzo wa mvua wataga mayai katika shamba la kwanza, na viwavi wao wakua humo. Hasara yake si kubwa sana, kwa kuwa nondo bado ni wachache na mimea inakua kwa nguvu. Baada ya mwezi, nondo wapya watoka, nao ni wengi. Shamba la kwanza sasa lina mabua magumu. Lakini hatua mia kutoka hapo kuna shamba la pili lenye majani laini, na karibu yake la tatu linaloota tu. Nondo hana haja ya kusafiri. Tumemwandalia meza, na chakula kikiisha hapa, tumekwisha kupakua pale. Kila shamba lililochelewa hulea viwavi wa mashamba yaliyotangulia, na la mwisho hulipa deni la yote.

Na nani hupanda mwisho? Hapa ndipo tunapoomba ruhusa ya wazee kusema jambo la ndani ya nyumba.

Katika nchi yetu mbegu haitoki ghalani ovyo. Kuna utaratibu wa golo kodhi. Mwenye dala hutoa mbegu kwanza pamoja na mikayi. Baadaye hufuata nyachira, kisha reru. Na wana wa kiume waliooa hufuata kwa umri wao. Anayeruka zamu huhesabiwa kuwa amevunja mwiko, na chira ni neno ambalo hakuna mtu wa nyumba hii alichezeaye. Hatukusimama hapa kuudharau utaratibu huo. Kinyume cha hayo, twataka kuonyesha kwamba ukitumiwa upesi ni ngome, na ukicheleweshwa ni mlango wazi.

Ucheleweshaji waja kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni mwenye dala ambaye hajalima, kwa ugonjwa, au kwa kukosa ng'ombe wa plau. Yeye akikaa, wote chini yake hukaa. Njia ya pili ni sisi wenyewe tulioajiriwa mijini. Mume yuko Nairobi au Mombasa. Mke amekwisha kulima, mvua imenyesha, lakini mbegu yangoja mtu ambaye atapata ruhusa ya kazi wakati wa Pasaka. Njia ya tatu ni mjane asiye na mtu wa kumtolea mbegu, naye hupanda baada ya kila mtu, mradi apate mtu wa kumsaidia. Basi tazameni jinsi mambo yalivyo: mjane, kijana aliyeoa juzi, na mke wa mfanyakazi wa mbali ndio wapandao mwisho, na ndio viwavi huwaendea wakiwa wengi. Majina hayo ndiyo tuyaonayo katika barua za mwezi wa Mei. Si uvivu wao uliowaletea njaa; ni zamu yao.

Sasa twafika kwenye silaha. Mabwana Shamba na watafiti wote wanaoshughulika na viwavi hawa hutoa shauri moja kabla ya mashauri mengine: pandeni mapema, mvua ya kwanza inapotulia, na pandeni pamoja, mtaa mzima kwa wakati mmoja. Mimea yote ikiwa ya umri mmoja, nondo wachache wa mwanzo hugawanyika katika mashamba mengi, na kizazi cha pili kikitoka hakikuti majani laini ya kutosha. Lakini nani katika Kenya aweza kuuamuru mtaa mzima kupanda katika juma moja? Bwana Shamba hana amri hiyo. Chifu aweza kutangaza barazani, lakini haingii ghalani mwa mtu. Mwenye uwezo huo ni mzee wa dala, aliyerithi haki ya kuitoa mbegu. Wataalamu wanalitafuta neno litakalowafanya watu wapande pamoja, ilhali neno hilo sisi tunalo tangu enzi za babu zetu. Linalokosekana ni tarehe.

Wavuvi wetu wametutangulia katika jambo hili. Wao wanajua maana ya kufunga uvuvi wa omena kwa miezi kadhaa. Mwenye mashua mmoja akijizuia peke yake, hapati faida. Samaki aliowaacha huvuliwa na mwingine. Wote wakijizuia pamoja, ziwa hupumzika. Shamba nalo ni vivyo hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na shamba moja haliui kiwavi.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu ombi la kwanza. Wazee wa kila mtaa wakutane mwezi wa Januari, waweke juma moja la kutoa mbegu, wakitazama mvua za mahali pao. Katika juma hilo zamu zote zifuatwe bila ya kurukwa, lakini zikamilike. Mwenye dala ambaye hajamaliza kulima aweza kutoa mbegu katika kipande kidogo tu, hatua chache, ili walio chini yake wawe huru; zipo nyumba ambazo zafanya hivyo, wala mila haikuvunjika. Mwanachama aliye mbali aje mapema, au wazee wa ukoo wakae waamue ni nani atakayesimama mahali pake. Juu ya wajane, wazee ndio wenye kauli, nasi hatuwatangulii. Twasema tu kwamba uamuzi utakaotolewa mwezi wa Januari utakuwa chakula, na ule utakaotolewa mwezi wa Aprili utakuwa barua kwa chama.

Ombi la pili lahusu mabua baada ya mavuno. Tumesema kwamba mtoboa-mabua huishi ndani ya bua. Kiangazi kikija, yule mwenyeji wetu hafi. Hulala humo, katika bua lililosimama shambani au lililolundikwa chini ya mti, akingoja miezi mingi. Mvua ikinyesha huamka, akageuka nondo. Hivyo viwavi wa mwaka ujao tumekwisha kuwawekea akiba nyuma ya nyumba. Zamani wakulima waliambiwa wayachome mabua yote. Akina mama hawakukubali, nasi twaona walikuwa na haki, kwa sababu bua ni kuni, ni ua wa boma, na ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Iko njia iliyo bora. Mabua yakatwe chini kabisa mara baada ya kuvuna, yatandazwe yamelala chini juani, yasilundikwe, yakae hivyo yapata majuma manne. Joto la jua huwaua wengi wa viwavi waliomo. Baadaye mama aweza kuyakusanya kwa kuni au kwa ua, na ng'ombe wapate yao. Lakini hapa pia mtaa wote uwe pamoja, kwa kuwa nondo wa mabua ya jirani hajui mpaka.

Ombi la tatu ni macho. Kiwavijeshi vamizi akiwa mdogo, hata mtoto aweza kumwua kwa kidole. Akiwa mkubwa amejichimbia ndani ya moyo wa mmea, hata bomba la dawa halimfikii. Basi tangu mahindi yaotapo hadi yatoapo mbelewele, shamba likaguliwe mara mbili kwa juma. Mkaguzi aingie shambani, asimame mahali patano palipo mbalimbali, na kila mahali atazame mimea 20. Jumla ni mimea 100, wala haichukui zaidi ya saa moja. Mafungu ya mayai yenye manyoya yasagwe kwa vidole. Viwavi waokotwe na kuuawa. Wakulima wengi hutia mchanga mkavu, au jivu, au udongo laini katika moyo wa mmea, na kiwavi huumia au kufa. Mimea michanga iliyoshambuliwa ikifika yapata 20 katika 100, hapo ni wakati wa kumwita Bwana Shamba na kuuliza juu ya dawa.

Kuhusu dawa zenyewe, twasema kwa uangalifu. Wazee wengine wanakumbuka unga wa DDT uliotiwa katika moyo wa mmea. Unga huo ulipigwa marufuku katika kilimo cha Kenya mwaka 1986, kwa kuwa hudumu muda mrefu katika udongo, katika samaki, na katika mwili wa binadamu. Dawa za siku hizi ni nyingine, lakini nazo ni sumu. Zinunuliwe katika duka lenye leseni, karatasi ya chupa isomwe, kipimo kifuatwe, na mwenye kunyunyiza avae nguo za kujikinga. Inyunyizwe asubuhi mapema au jioni, na ielekezwe katika moyo wa mmea. Bomba lisioshwe mtoni wala kando ya Ziwa. Zaidi ya hayo, dawa haina macho; humwua adui pamoja na rafiki. Kiwavi ana maadui wengi wa asili, kama siafu na nyigu wadogo. Mwaka 1993 wataalamu walileta kutoka Pakistan nyigu mdogo kuliko mbu, wakamwachilia katika pwani ya Kenya, naye hutaga mayai ndani ya mwili wa yule mtoboa-mabua wa Asia na kumwua. Askari hao hawalipwi mshahara. Si vema kuwaua kwa kunyunyiza dawa bila ya sababu.

Kabla ya kumaliza, twapenda kutaja jambo la fahari lililotoka hapa hapa kandoni mwa Ziwa. Mwaka 1970 mwana wa Kenya, Profesa Thomas Risley Odhiambo, alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe, na tawi lake kubwa liko Mbita. Huko Mbita, Daktari Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza na watafiti wa Kenya, waligundua katika miaka ya 1990 njia iitwayo Sukuma-Vuta. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea utambaao ambao harufu yake humchukiza nondo na kumsukuma atoke. Kuzunguka shamba hupandwa nyasi za nepia, ambazo harufu yake humvuta. Nondo hutaga mayai katika nepia. Kiwavi akijaribu kuitoboa, nepia hutoa utomvu unaonata, na viwavi wachache tu huokoka. Desmodiamu pia huongeza rutuba ya udongo, na mizizi yake huzuia kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linyonyalo mahindi yetu. Nepia na desmodiamu zote mbili ni malisho ya ng'ombe wa maziwa. Baadaye, kwa sehemu zenye ukame, nyasi za brakiaria zilitumiwa badala ya nepia pamoja na desmodiamu nyingine ivumiliayo kiangazi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018, uliofanywa katika mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba mashamba ya namna hiyo yalikuwa na viwavijeshi vamizi pungufu kwa zaidi ya 80 katika 100 kuliko mashamba ya mahindi matupu.

Hatusemi kwamba njia hiyo haina gharama. Mbegu ya desmodiamu si rahisi, na msimu wa kwanza palizi yake ni kazi, kwa kuwa mmea ukiwa mchanga hufanana na magugu. Lakini ukishika hukaa miaka mingi bila ya kupandwa tena. Akina mama watauliza maharage yatakwenda wapi. Yaweza kupandwa pamoja na mahindi katika mstari uleule. Kizuizi kikubwa zaidi ni mifugo iachwayo huru baada ya mavuno. Mbuzi wa jirani akiingia wakati wa kiangazi, huila nepia hadi shina, na kazi ya mwaka hupotea kwa asubuhi moja. Tunarudi palepale: hata mavumbuzi ya Mbita yahitaji neno la wazee juu ya kufunga mifugo.

Bwana Mwenyekiti, maombi yetu kwa mkutano huu ni haya. Kwanza, mkutano uwaombe wazee wa kila mtaa waweke juma la kutoa mbegu, na karani wa kila tawi atume tarehe hiyo kwa barua au kwa simu kwa wanachama wote walioko mijini kabla ya mwisho wa Januari. Pili, kila tawi litangaze majuma manne ya kutandaza mabua baada ya mavuno. Tatu, Halmashauri itenge sehemu ya fungu la misaada kununua mbegu ya desmodiamu kwa shamba moja la mfano katika kila tawi, na shamba hilo liwe la mjane, ili yule aliyekuwa akipanda mwisho awe wa kwanza kuonyesha wengine.

Kiwavi hana nguvu iliyo kubwa kupita kiasi. Nguvu yake ni kwamba yeye huja kwa wakati wake bila ya kukosa, nasi twapanda kila mtu kwa wakati wake. Neno la kuturudisha katika wakati mmoja halimo katika kalamu yetu. Sisi twaweza kuliandika tu, mkishalisema ninyi.

Twayaacha maombi haya mbele ya wazee.